Kabla ya Kuuliza Gredi

Jumamosi ya kutembelea wanafunzi, matatu za kutoka Ruiru kwenda Thika hunukia pilau. Kila mama amepakata kapu. Chapati zimekunjwa ndani ya kitambaa, kuku amekaangwa tangu saa kumi alfajiri, na chupa ya mala imefungwa mara mbili isije ikamwagika. Tunashuka, tunapanga foleni langoni, mlinzi anakagua mikoba. Kisha mtoto anatokea upande wa mabweni, shati likimpwaya kuliko muhula uliopita, na kabla hajaketi kwenye nyasi tunamuuliza: "Umekuwa nambari ngapi?"

Nasema "tunamuuliza" kwa sababu nami niliuliza. Mwanangu wa pili alikuwa kidato cha pili. Alinijibu kwa sauti ya chini, nami nikaanza kumhesabia karo niliyolipa na ng'ombe aliyeuzwa ili ilipwe. Hakula. Nilidhani ni kiburi. Miaka sita baadaye, akiwa mtu mzima na kazi yake, aliniambia kwamba muhula ule alikuwa hapati usingizi, na kwamba Jumamosi ile ndiyo aliyokuwa ameingoja ili anieleze. Maneno alikuwa nayo tayari. Swali langu likayatangulia.

Sasa mimi ni nyanya, nina wajukuu wawili sekondari, na kila ninaposhuka langoni na kapu langu namkumbuka yule kijana na sahani yake iliyopoa.

Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya maradhi ya akili huanza kabla mtu hajatimiza miaka 14. Tazama sisi hufanya nini karibu na umri huo. Tunanunua sanduku la bati, godoro, ndoo na sweta, tunamfikisha mtoto shule ya bweni, tunamwambia "usituaibishe", tunageuka. Usiku huo analala katikati ya watoto asiowajua, huku wakubwa wakimwita njuka na kumtuma maji. Wengi huzoea. Lakini wapo wasiozoea, na hao hawana alama usoni.

Kiswahili kina namna yake ya kulitaja jambo hili: tunasema "ana mawazo". Hatumaanishi kwamba anafikiri sana. Tunamaanisha mawazo yamemkalia. Msemo mzuri, ila mtoto mwenyewe mara nyingi hausemi. Anasema kichwa. Anasema tumbo. Kila Jumatatu asubuhi yuko kwa nesi wa shule, anapewa vidonge viwili, anarudi darasani, na Jumatatu inayofuata yuko pale pale. Hadanganyi, kichwa kinamuuma kweli. Mwingine hukasirika ovyo, au huacha mpira alioupenda, au hulala mchana kutwa siku za likizo, nasi tunamwita mvivu. Mabadiliko ya namna hiyo yakidumu majuma mawili au zaidi, naomba tusiyapitishe.

Watu wa Ruiru mtaniambia kwamba watoto wenu wako shule za kutwa, mnawaona kila siku. Je, mnawaona? Mzazi wa Kimbo au Kihunguro anayefanya kazi Nairobi huondoka nyumbani gizani ili awahi kabla foleni ya Thika Road haijafunga, na hurudi saa tatu usiku. Mtoto anamsikia akifungua mlango, basi. Simlaumu, kwa kuwa kodi ya nyumba hailipwi kwa huruma. Ninachomwomba ni kidogo: akirudi, amwite mtoto jikoni washike sukuma wiki pamoja, mmoja akichambua, mwingine akikata. Nimeona mara nyingi kwamba kijana hazungumzi akikalishwa kwenye kiti mbele ya baba na mama kama yuko mahakamani. Huzungumza mikono ikiwa na kazi na macho yakitazama kwingine. Aliyekuwa hasemi neno sebuleni hueleza mambo ya mwaka mzima akisafisha viatu.

Mzazi atasema: mimi si daktari, nitamwambia nini? Hapo nina habari ya kumtia moyo, nayo imetoka hapa hapa kwetu. Kuna shirika la Kenya liitwalo Shamiri, lililoanzishwa na kijana wetu Tom Osborn pamoja na wenzake. Neno "shamiri" tumezoea kulisoma likihusu ulanguzi na ufisadi ulioshamiri. Nilifurahi kuona limepewa watoto. Walikwenda katika shule za sekondari za kaunti za Nairobi na Kiambu, wakapata wanafunzi 413 waliokuwa na dalili nzito za sonona au wasiwasi. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa vijana waliomaliza sekondari karibuni, wakapewa mafunzo mafupi. Walikaa na wanafunzi katika vikundi, saa moja kwa juma, majuma manne. Hata ugonjwa hawakuutaja. Walizungumza juu ya mtu kuweza kukua na kubadilika, juu ya shukrani, na juu ya mambo ambayo kila mmoja anayathamini. Wanafunzi wengine walifunzwa mbinu za kusoma kwa muda ule ule, ili walinganishwe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry: waliopitia Shamiri walipata nafuu zaidi, na miezi saba baadaye nafuu ile ilikuwa bado ipo.

Kijana aliyemzidi mwanao miaka michache, hana shahada, aliweza. Basi shangazi anaweza. Kaka mkubwa anaweza. Hata wewe.

Walimu nao nina neno nao, kwa heshima, maana najua darasa la watu sitini lina uzito gani. Shule nyingi zina mwalimu wa ushauri nasaha, lakini mara nyingi ni yeye yule anayefundisha hisabati na kusimamia nidhamu. Mtoto aliyeadhibiwa asubuhi hawezi kumfungulia moyo jioni mtu yule yule. Mkuu wa shule atenganishe kazi hizo mbili, hata kama ofisi ni moja. Na viboko, vilivyopigwa marufuku tangu 2001, visirudi kwa mlango wa nyuma. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamkinga mwanafunzi na mateso na adhabu ya kudhalilisha, iwe ya mwili au ya nafsi. Kumsomea mtoto alama zake mbele ya gwaride zima huku wenzake wakicheka ni adhabu ya nafsi.

Liko jambo tunaloliogopa hata kulitamka. Mtoto akisema amechoka kuishi, au afadhali asingezaliwa, usimwambie aache upuzi, wala usimtishe kwa jehanamu. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Humpa nafasi ya kulitua. Ukisikia ndiyo, usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu ya kunyunyizia mimea mahali anapoweza kuzifikia, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, iwe Thika Level 5 au iliyo karibu nawe. Simu za bure zipo: 1199 ya Msalaba Mwekundu, na 116 ya watoto. Wala usifiche kwa kuogopa polisi. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na familia nyingi zikanyamaza kwa sababu hiyo. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka katiba.

Sala nazo ziendelee. Mimi mwenyewe naomba kila usiku kwa ajili ya wajukuu wangu. Ila mtoto akivunjika mguu tunamwombea tukiwa njiani kwenda kwa daktari, na sioni kwa nini moyo ufanyiwe vingine.

Jumamosi ya kutembelea ikifika, fungua kapu kwanza. Mpe paja la kuku, mwache ale bila kuhojiwa. Mweleze habari za nyumbani, mbuzi aliyezaa mapacha, jirani aliyehama. Akishapangusa vidole, muulize siku hizi analala vipi, halafu nyamaza, hata kama kimya kitakuwa kirefu na wazazi wa pembeni wanacheka kwa sauti. Ripoti ya mtihani utaisoma kwenye matatu, ukirudi Ruiru.