Sikufanya Chochote

Mwaka jana nilikodi robo ekari kule Kinangop. Kama vijana wengi wa Nairobi, nilikuwa nimechoka kungoja mwisho wa mwezi, nikajiambia kwamba waru haziwezi kukosa soko katika mji unaokula chipsi usiku na mchana. Nikanunua mbegu ya shangi, nikapata kijana wa kuniangalizia shamba, nikarudi zangu mjini. Nikawa mkulima wa simu: mvua naiona kwa picha, palizi nalipia kwa simu.

Jumatatu moja asubuhi picha ikaingia. Jani lilikuwa na doa jeusi lililoonekana kama limelowa maji, na chini yake utando mweupe mwembamba. "Boss, imeanza kuungua hapa kwa kona. Tupige dawa ama?"

Nilijua ni bakajani chelewa. Lakini bei ya gunia ilikuwa imeanguka, kodi ya nyumba imefika, na hesabu yangu ilisema dawa ingekula faida yote. Nikamjibu, "Wacha tuone." Wikendi hiyo nilikuwa na harusi ya rafiki. Nilifika shambani Jumamosi iliyofuata, siku kumi na mbili baada ya ile picha.

Robo ekari ilikuwa kama imepigwa na moto. Ng'ambo ya ua, shosho ambaye ni jirani yangu alikuwa amesimama katikati ya waru zake, nazo pia zimeshika madoa. Yeye hana mshahara wa kurudia. Zile waru ndizo zilikuwa karo ya mjukuu wake. Nikampa pole, kana kwamba sote wawili tumepatwa na ajali moja.

Akaniuliza, "Kwako ilionekana lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita, shosh."

Akanyamaza kidogo. "Si ungeniambia tu, kijana wangu. Nilikuwa na dawa ya kupiga mara moja. Nilikuwa naiwekea siku ya hatari."

Sikuwa na jibu. Dawa za bei ya chini ambazo wengi wetu tunanunua hukinga jani ambalo halijaambukizwa. Likishaambukizwa, unamwagilia maiti. Siku ya hatari ya shosho ilikuwa Jumatatu ile, na mimi ndiye niliyekuwa nayo kwenye simu.

Njiani nikirudi, ndani ya matatu, nilijitetea vizuri sana. Kwanza, shamba nimelikodi kwa pesa yangu, na nikiamua kupata hasara ni hasara yangu. Pili, nani atathibitisha kwamba ugonjwa ulitoka kwangu? Tatu, mimi sikumfanyia shosho kitu chochote. Upepo ndio ulifanya.

Utetezi wa kwanza unaangushwa na ugonjwa wenyewe. Kimelea chake kinaitwa Phytophthora infestans, na jina hilo la kwanza maana yake ni mharibifu wa mimea. Watu hukiita ukungu, ingawa wanasayansi wanakiweka karibu zaidi na mwani. Kukiwa na baridi na unyevu, doa moja hutoa mbegu ndogo ndogo kwa maelfu, upepo unazibeba hadi kilomita kadhaa, na ndani ya kama wiki moja kule zilikotua nako kunaanza kutoa zake. Mwenye shamba la hivyo hawezi kusema hasara inaishia kwenye ua.

Wa pili una ukweli kidogo. Pengine mbegu zilitoka kwa mtu mwingine kabisa. Lakini angalia ninachosema hapo: nikikosa kukamatwa, basi sijakosea. Hiyo ni hoja ya mwizi.

Wa tatu ndio ulinisumbua, kwa sababu ni kweli. Sikufanya chochote. Ila kutofanya kwangu kulikuwa na tarehe, na kulikuwa na ujumbe nilioandika kwa kidole changu mwenyewe. Upepo hauna lawama kwa sababu haujui. Mimi nilijua. Nadhani lawama huanza hapo, kwenye kujua, na ndiyo maana mtu huyo huyo asiyewajibika kwa mvua anawajibika kwa habari aliyonayo kuhusu mvua.

Kimelea hiki hiki kiliingia Ireland mwaka wa 1845. Katika miaka iliyofuata watu kama milioni moja walikufa, na wengine kama milioni moja wakahama. Kilichooza ni viazi, ila nafaka na mifugo viliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza, huku wakubwa wa London wakishikilia kwamba soko lisiingiliwe sana. Hawakuwaletea Waayalandi ule ugonjwa. Waliona, wakapiga hesabu, wakasema "wacha tuone" kwa lugha ya serikali. Silinganishi robo ekari yangu na njaa ile. Nasema tu kwamba niliitambua ile sentensi.

Na sikatai kwamba dawa ni ghali. Kama sikuwa na pesa, sikuwa na pesa. Lakini kumpigia jirani simu kungenigharimu shilingi ngapi? Hilo ndilo deni lililokuwa ndani ya uwezo wangu, na ndilo sikulipa.

Baadaye nilimtumia shosho pesa kidogo, nikamwambia ni msaada. Alizipokea, akanishukuru. Hapo pia nilidanganya, kwa sababu halikuwa suala la msaada.

Msimu huu nimepanda tena. Namba ya shosho ninayo, na kijana ameambiwa: ukiona doa, mwambie yeye kwanza, halafu ndio unitumie picha mimi nianze hesabu zangu.