Uzuri wa Mji ni wa Nani?

Katikati ya mto Seine, mjini Paris, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Île de la Cité. Ndicho kitovu cha mji ule wa kale, na hapo ndipo lilipo kanisa kuu la Notre-Dame, ambalo ujenzi wake ulianza karne ya 12. Mgeni asimamapo mbele ya kanisa hilo huona uwanja mpana, akausifu. Ni wachache wajuao ya kuwa hapo zamani palikuwa na vichochoro na nyumba zilizosongamana, wakikaa humo watu maskini.

Haussmann, aliyekuwa mkuu wa jimbo la Seine tangu 1853 hata 1870, alibomoa sehemu kubwa ya makazi hayo kwa idhini ya Kaizari Napoleon wa Tatu. Mahali pake pakajengwa hospitali mpya, mahakama na kambi ya askari, na uwanja ukapanuliwa. Wakazi kwa maelfu wakaondoka.

Je, ilikuwa haki? Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mwaka 1832 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 18,000 mjini Paris, na vichochoro vya namna ile, visivyopata jua wala maji safi, viliumia mno. Asemaye kuwa vingaliachwa vilivyo, na ajiulize kama angalikubali mwanawe alale humo.

Walakini afya ile ililetwa kwa ajili ya nani? Wenye majumba walilipwa fidia. Mpangaji maskini hakutengewa nyumba nyingine, akaenda kutafuta chumba pembezoni mwa mji. Dawa ilifika, lakini mgonjwa alikuwa amekwisha kuondolewa kitandani. Nionavyo mimi, kosa halikuwa kubomoa. Kosa lilikuwa kuwahesabu wakazi pamoja na uchafu.

Kanisa lilipoungua tarehe 15 Aprili 2019, watu wa mataifa mengi walihuzunika, wakachanga mamilioni ya fedha, likafunguliwa tena Desemba 2024. Siwalaumu, kazi ile ilistahili. Lakini nilipowasimulia wanafunzi wangu habari hizi, mmoja aliuliza wale waliohamishwa walikwenda kusali wapi Jumapili iliyofuata. Darasa zima lilinitazama, nami sikuwa na jibu.