Mjumbe Hauawi, Lakini Nani Alimtuma?

Ndugu msomaji, umewahi kwenda ofisini ukakuta jina lako limeandikwa vibaya, ukalalamika, ukajibiwa, "Kompyuta ndiyo imekosea"? Mimi nimejibiwa hivyo zaidi ya mara moja. Zamani nilikuwa nanung'unika kisha nakubali. Siku hizi sikubali, kwa sababu na mimi nimewahi kuharibu majina ya watu kwa kompyuta, na najua vizuri ni nani aliyekosea.

Habari yenyewe ni hii. Nilikuwa najifunza kuiamrisha kompyuta kwa maneno badala ya kubofya vipicha. Unafungua dirisha jeusi, unaandika amri, unabonyeza kitufe, kazi inafanyika. Programu inayopokea amri hizo huitwa sheli, na ukiziandika amri kadhaa katika faili moja ili zitekelezwe mfululizo, hapo umeandika skripti. Mambo haya yalikulia kwenye Unix, mfumo ulioanza kubuniwa mwaka 1969 na akina Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani. Na tusidhani ni mambo ya wahandisi peke yao. Moja ya kazi za mwanzo kabisa za Unix, mwaka 1971, ilikuwa kuwasaidia wachapaji wa idara ya hataza kuandaa maandishi yao.

Raha yake, jamani, usiombe! Amri ya grep inakutafutia neno katika kurasa elfu. Amri ya sort inapanga mistari kwa alfabeti. Mwaka 1973 likatimizwa wazo la Doug McIlroy la bomba: kinachotoka kwenye amri moja kinamiminika moja kwa moja kwenye amri nyingine. Nilizihesabu hadithi zangu kwa njia hiyo nikagundua neno "ghafla" nimelitumia mara 41. Aibu! Lakini nilijiona fundi.

Basi, jirani yetu pale Magomeni alikuwapo bibi mmoja aliyenisimulia maisha yake kwa jioni tatu, nami nikawa naandika moja kwa moja kwenye kompyuta. Hapakuwa na kaseti wala daftari. Kaka yake, Ali, aliuza kwa siri shamba la mikorosho la familia. Bibi akaniomba nilifiche jina hilo, maana watoto wa huyo kaka wapo. Nikaona kazi ndogo. Nikachagua Juma, jina la kawaida tu, nikaandika:

sed -i 's/Ali/Juma/g' hadithi.txt

Maana yake: kila penye Ali weka Juma, na mabadiliko yaingie kwenye faili ile ile. Nikabonyeza. Kompyuta haikusema kitu, kwani amri za aina hii zikifanikiwa hunyamaza. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Nilipofungua faili nikasoma: "Jumakuja usiku. Jumasema tusilie." Kumbe ndani ya kila "Alikuja" na kila "Alisema" mwanzoni mwa sentensi yumo Ali! Kwa hofu nikaigeuza amri: kila penye Juma weka Ali. "Alikuja" ikarudi, lakini Jumapili ikawa Alipili na Jumanne ikawa Alinne. Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka. Nilikuwa nimesahau kwamba katika simulizi ile alikuwemo Juma wa kweli, jirani aliyewalisha watoto baada ya shamba kuuzwa. Sasa hayupo tena. Yupo Ali tu, ukurasa huu anauza shamba, ukurasa wa pili analeta unga. Na nakala ya awali sikuwa nayo.

Sehemu nyingi nilizikumbuka. Nne hazikunijia kabisa: kwa mfano, ni nani aliyekuja mazikoni kwa mama yao, akakaa nyuma ya watu wote, akaondoka bila kuaga? Rafiki yangu, mwandishi mwenzangu, akaniambia, "Kisia tu, bwana. Nani atajua?"

Hapo ndipo lilipo swali. Kompyuta ilitii. Ilifanya nilichoandika, haikufanya nilichokusudia. Mjumbe hauawi, tunasema, na kosa ni la aliyemtuma. Lakini mjumbe wa kibinadamu ana macho. Ukimtuma akamwite Ali, atakuuliza, "Ali yupi?" Mjumbe asiyeuliza anamwachia aliyemtuma kazi yote ya kuuliza. Mkono wetu umerefuka, kwa neno moja tunagusa mistari elfu, ila macho yamebaki yale yale mawili. Na kukisia je? Kukisia kungekuwa kurudia kosa lile lile, safari hii bila kompyuta ya kusingizia.

Nikaenda kwa Bibi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mnyonge?"

Nikamweleza. Habari za amri hazikumshughulisha, lakini shida aliielewa haraka. "Nilikuambia ufiche jina," akasema, "sikukuambia uchanganye watu." Akanijibu moja moja. Yule wa mazikoni, aliyekaa nyuma, alikuwa Ali.

Mimi ningeweka Juma. Ningeweka Juma bila kusita, kwa kuwa ndiye mwema wa hadithi, na ningemnyang'anya Ali machozi yake pekee.

Nilipouliza jina lipi nitumie sasa, Bibi akacheka. "Liache Ali. Mjini hapa wako Ali wangapi?"

Tangu siku hiyo nina desturi. Kwanza natazama: grep -nw Ali hadithi.txt, nione neno hilo likiwa zima limekaa mistari ipi. Na jina jipya nalitafuta vile vile, nijue kama lina mwenyewe. Kisha naendesha sed bila -i, matokeo yaje kwenye kioo tu, faili lisiguswe. Mwisho, nikiridhika, naandika -i.bak ili nakala ya zamani ibaki. Dakika mbili nzima!

Vijana wenzangu, jifunzeni amri hizi, zina faida kwa mwandishi. Lakini kabla ya kubonyeza, jiulizeni lile swali ambalo mjumbe huyu hawezi kuwauliza: Ali yupi?