Msaada wa Mgeni Katika Ilimu

Waulizao kama yafaa Muislamu kupokea mali ya mgeni ili mwanawe asomeshwe ni wengi, na jawabu zao ni mbili. Wako wakataao kabisa kwa kuchelea dini ya watoto. Na khofu yao si ya bure, kwani skuli nyingi za misheni zilifunguliwa ili watoto waingizwe katika dini ya wenye kuzifungua. Wako na wapokeao kila kitu, bila ya kuuliza kimetoka wapi wala chataka nini.

Wote hawa wametazama mkono wa mtoaji, wakayasahau masharti. Imepokewa kwamba baada ya vita vya Badri, mwaka wa 2 wa Hijra, mateka wa Kikureshi waliojua kuandika na wasiokuwa na mali ya kujikombolea waliambiwa kila mmoja awafundishe watoto kumi wa Madina, kisha aende zake. Walimu hao walikuwa washirikina, na siku chache kabla walikuwa na panga mikononi. Mfadhili gani wa leo aliye mbali na Waislamu kuliko wao? Lakini aliyeweka idadi ya watoto, na kitu cha kufundishwa, na mwisho wa kazi, ni Mtume, s.a.w. Katika waliofaidika, yasemwa, ni Zaid bin Thabit, ambaye baadaye aliikusanya Qurani katika zama za Sayyidna Abubakar.

Ama shukrani ni wajibu. Lakini mtoaji mwenye kusimanga huibatilisha sadaka yake, kama Qurani ilivyoonya, na mwenye kutaka utiifu kwa mali yake alikuwa akinunua, hakutoa.

Sasa itazamwe Mombasa. Mwaka 1948 kiliasisiwa chuo cha ilimu kwa Waislamu, mashuhuri kwa jina la MIOME, kwa msaada wa Sultani wa Unguja, Seyyid Khalifa bin Harub, na Aga Khan, na Mabohora, na Serkali ya Kiingereza. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951 kusoma ufundi. Kilikusudiwa Waislamu wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1966 jina likageuzwa, neno la Waislamu likaondoka, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, cha watu wote.

Atakayenung'unika kwamba haki yake imepotea ana sababu. Walakini mtu asiyetoa nyumba, wala shamba, wala mnazi mmoja kuwa wakfu wa chuo, huweka sharti kwa ulimi gani? Harusi za siku saba hazikungoja mfadhili. Nazi za mnazi mmoja hazitoshi mshahara wa mwalimu. Za shamba zima zaweza kutosha, na tangu zamani, Lamu hata Unguja, watu wameweka mashamba wakfu kwa mafuta ya taa na mikeka ya misikiti.