Wema Hauozi: Kumbukumbu ya Mganga Atiman wa Karema

Mtu mwema akifa, kijiji kizima hulia. Watu huketi usiku kucha kando ya moto wa matanga, na kila mmoja ana neno la kusema juu ya marehemu. Huyu alichongewa naye mpini wa jembe wala hakudaiwa kitu. Yule alivushwa naye mto wakati wa mafuriko. Mwingine anakumbuka jinsi alivyocheza na watoto wake jioni mbele ya nyumba. Baada ya siku chache moto wa matanga huzimika, majivu hutupwa, na kila mtu hurudi shambani kwake. Ndipo linapozuka swali ambalo mkristu hana budi kulijibu: kumkumbuka mtu mwema maana yake nini? Je, ni kumlilia tu? Ni kulitaja jina lake? Au marehemu ametuachia walio hai deni la kulipa?

Ili kulijibu swali hili, yafaa kuyatazama maisha ya mtu mmoja aliyekaa kando ya ziwa Tanganyika, pale Karema, ng'ambo ya Mpala ya Kongo. Jina lake Adriano Atiman. Alikuwa mganga na katekista, mume na baba. Alifariki mwaka 1956, naye angali akitajwa kwa heshima pande zile.

Atiman hakuwa mtu wa ziwa. Alizaliwa yapata mwaka 1866 mbali sana, karibu na mji wa Timbuktu, kando ya mto Niger, katika nchi inayoitwa leo Mali. Alipokuwa angali mtoto, aliibwa na Watuareg, watu wa jangwani. Akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa kama mbuzi sokoni. Katika miaka ya 1870, huko Algeria, Mapadri Weupe walimwona, wakatoa fedha, wakamkomboa. Wakamlea, wakamfundisha dini, naye akabatizwa.

Mkubwa wa Mapadri hao, Kardinali Lavigerie, alikuwa na shauri moja: vijana Waafrika waliotolewa utumwani wafundishwe uganga, kisha watumwe wawe waganga na makatekista pamoja, ili mkono uleule unaofunga kidonda uonyeshe pia njia ya Mungu. Kwa ajili hiyo chuo kilifunguliwa katika kisiwa cha Malta mwaka 1881, na Atiman alikuwa mmoja wa wanafunzi waliosoma kisiwani humo. Mwaka 1888 akasafiri pamoja na wamisionari, wakapitia pwani ya mashariki, wakatembea kwa miguu hadi ziwa Tanganyika. Mwaka 1889 akafika Karema. Hakuhama tena. Alikaa pale miaka 67, mpaka siku ya kufa kwake.

Kuitaja miaka 67 ni rahisi, lakini kuiishi si rahisi. Mgonjwa wa homa huja asubuhi, na mwenye kidonda huja adhuhuri. Usiku mtu hubisha mlango, kwa maana mwanamke anashindwa kujifungua. Siku ya pili mambo ni yaleyale, na mwaka wa pili vilevile. Watoto aliowatibu walikuwa wazee, wakamletea wajukuu wao. Atiman hakuwa mganga wa kupiga ramli wala wa kuuza hirizi. Hakumwambia mgonjwa, «Jirani yako amekuroga.» Alitumia akili aliyojaliwa na Mungu, dawa alizokuwa nazo, na mikono iliyofundishwa kazi. Nishani alizopewa katika uzee wake zilikuwa heshima ya haki, lakini zilikuja baada ya kazi iliyofanywa miaka mingi bila nishani.

Tena alikuwa mtu wa nyumba. Alimwoa Agnes Wansahira, mwanamke wa nchi ile, na mtoto wao wakamwita Yosefu. Yosefu huyo alipokuwa mtu mzima akawa padri. Mkatekumeni na alitafakari jambo hili polepole. Atiman aliondolewa kwa nguvu mikononi mwa wazazi wake, nao hawakuulizwa neno. Yeye naye, alipojaliwa mwana, alimtoa kwa Mungu kwa hiari. Kitendo cha kwanza kilikuwa wizi, na cha pili kilikuwa sadaka. Katika vyote viwili mtoto ametoka nyumbani kwa baba yake, lakini kati yake iko tofauti kubwa kama ya usiku na mchana.

Hapa wengine hushangaa. Wahenga wamesema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Basi mtoto aliyelelewa kwa kamba na fimbo ya wezi, angekuwaje baba mpole? Wako watu wanaosema waziwazi: «Mimi sikupendwa, nitapendaje? Baba yangu alinipiga, nami nitawapiga wanangu. Nilidhulumiwa, basi kudhulumu ni zamu yangu.» Maneno hayo hufanana na haki, lakini ni mtego. Yakikubaliwa, uovu mmoja huzaa mwingine, na wa pili huzaa wa tatu, hata vizazi vyote viliwe.

Maisha ya Atiman yanayajibu maneno hayo kwa namna mbili. Kwanza, yeye hakuibwa tu, bali pia alikombolewa. Watu wasio wa ukoo wake walimlipia, naye hakuwa na kitu cha kuwarudishia. Neno hilo, kukomboa, mkatekumeni analisikia kila wiki katika mafundisho: Yezu Kristu ni Mkombozi. Zamani, watu wa pande za ziwa hawakuhitaji kufafanuliwa neno hilo, maana waliona kwa macho yao watu wakiuzwa na watu wakikombolewa. Aliyekombolewa ana kitu cha kutoa, hata kama alinyang'anywa vyote, kwa kuwa amepokea bure. Hakuna mbatizwa awezaye kusema, «Sikupewa kitu.» Amelipiwa kwa damu ya Mwana wa Mungu.

Pili, kutenda mema baada ya kutendewa mabaya si kuuita ubaya kuwa wema. Wizi wa mtoto ni wizi. Ukombozi haukumrejeza Atiman aishi kwao kando ya mto Niger, wala haukumkausha mama yake machozi. Mungu hakuwaamuru wezi waibe. Lakini Mungu ana nguvu ya kutoa chakula katika shamba lililochomwa na adui. Maandiko Matakatifu yanasimulia habari za Yosefu mwana wa Yakobo. Ndugu zake walimuuza, akapelekwa Misri, na baadaye akawalisha walewale waliomuuza wakati wa njaa. Hakusema kwamba hawakutenda dhambi. Alisema waziwazi kwamba walikusudia mabaya, lakini Mungu aliyageuza ili watu wengi waokolewe. Kusamehe si kusahau. Ni kukataa kuuendeleza ubaya.

Sasa swali la kwanza linaweza kujibiwa. Bwana wetu Yezu Kristu, usiku ule wa kuamkia mateso yake, aliwataka mitume wake wamkumbuke. Hakuwaagiza wakae na kulia. Aliuchukua mkate, akaumega, akawaagiza wafanye vivyo hivyo. Basi kwa mkristu, kukumbuka ni kufanya, na kumkumbuka mtu mwema kuna kazi tatu.

Kazi ya kwanza ni kumwombea. Hata aliye mwema sana ni mwana wa Adamu, naye anahitaji huruma ya Mungu. Yuda Makabeo aliwatolea wafu sadaka, na Eklezya huwaombea marehemu wote tarehe 2 Novemba na katika kila Misa. Anayemsifu marehemu mbele ya watu, wala hamwombei mbele ya Mungu, amempa maneno tu.

Kazi ya pili ni kuwatunza aliowapenda. Ni aibu kubwa watu kumlilia marehemu mchana, na usiku kugawana sufuria, baiskeli na mbuzi wake, huku mjane ameketi mlangoni na watoto wake bila hata mkeka. Ni aibu kubwa vilevile kumtafuta mchawi aliyemwua, na kumshtaki bibi kizee asiye na mtetezi. Je, marehemu aliyekuwa mpole kwa kila mtu angefurahi kuona kifo chake kimefanywa fimbo ya kuwapigia wanyonge? Wanaofanya hivyo wamemzika mara ya pili, na safari hii wamezika wema wake.

Kazi ya tatu ni kuishika kazi yake. Si kila mtu atakuwa mganga. Haidhuru. Kinachohitajika ni kuuliza: je, marehemu alifanya nini ambacho sasa hakuna wa kukifanya? Kama alikuwa akilitengeneza daraja la miti kila masika, daraja hilo sasa linamngoja nani? Kama alikuwa akiwapatanisha majirani, nani atakwenda kuketi kati yao? Kama aliwafundisha vijana kuchonga na kujenga, nani atawashika mkono? Vyombo vya fundi vinavyoning'inizwa ukutani kwa heshima hushikwa na kutu. Vikishikwa na mkono wa mwanawe, ndipo baba anapokumbukwa.

Wahenga wamesema kweli: wema hauozi. Lakini mbegu nayo haiozi ikiwekwa juu ya dari, hata hivyo haimlishi mtu. Sharti mtu ashuke nayo shambani. Yule mtoto aliyeibwa karibu na Timbuktu hakuweza kuwalipa waliomkomboa, basi akawalipa watu wa Karema, ambao hawakumkopesha kitu. Ndivyo deni la mapendo linavyolipwa: si lazima lirudi lilikotoka, bali lisonge mbele, limfikie mwingine.

Mungu ampe mtumishi wake Adriano raha ya milele. Na katika kila kijiji, moto wa matanga ukiisha kuzimika, yule aliyechongewa mpini na marehemu atafute mti mzuri, achukue shoka, akamchongee mjane wake mpini.