MAJABALI MEKUNDU NA MAJI YA KUTAWADHIA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad. Baadhi ya ndugu zetu wametuuliza: Je, yafaa Muislamu kutumia siku zake na mali yake kwenda nyikani kutazama majabali na wanyama? Huo si upuzi wa matajiri? Jawabu yetu ni kuwa safari hufuata nia ya msafiri. Aendaye kujionyesha, akapuuza Sala njiani, safari yake ni khasara. Ama aendaye kuangalia ili ajue, huyo anafuata amri. Kwani katika Suratul Ankabut tumeamrishwa tutembee katika ardhi, tuangalie jinsi Mola alivyoanzisha viumbe. Na katika Surat Fatir imetajwa milima yenye mistari myeupe, na myekundu, na meusi sana. Zikatajwa rangi za watu na wanyama. Kisha papo hapo tukabainishiwa kuwa wanaomcha Mwenyezi Mungu ni wenye elimu. Uzingatieni mpango huo.

Sisi tuliipita njia hiyo pamoja na wanafunzi wa darsa letu. Tulitoka Gataka, upande wa Kajiado, tukapita Kiserian na Isinya, tukateremka hata Namanga, tukaingia Amboseli, kisha tukafuata njia ya Kimana mpaka Tsavo Magharibi. Aliyezoea minazi na bahari hustaajabu huko: miti ya miiba, ng'ombe wa Wamasai wakitimua vumbi, na udongo mwekundu mbele na nyuma. Wekundu huo ni chuma kilichomo katika mawe ya kale, kikashika kutu kwa hewa na mvua za dahari nyingi. Ndovu wa Tsavo nao huonekana wekundu, na ngozi yao ni ya kijivu kama ya ndovu wengine; ni vumbi tu wanalojirushia. Na udongo ni huu huu ambao msafiri, akikosa maji, huupiga kwa viganja vyake akatayamamu. Basi tusiudharau.

Karibu na lango la Chyulu, nyika hukatwa na bahari ya mawe meusi iitwayo Shetani. Ni mawe yaliyoyeyuka kwa moto, yakatoka tumboni mwa ardhi katikati ya karne ya 19, yakatiririka, yakaganda. Waliouona moto ule walidhani ni kazi ya shetani, na jina likabaki. Wao hatuwalaumu, hawakupata wa kuwafunza. Linalotusikitisha ni Muislamu wa leo, aliyesoma skuli na chuoni, asimamaye penye pango au mbuyu huku kwetu pwani na chetezo mkononi, akawaogopa anaodhani wamo humo kuliko anavyomuogopa aliyeliumba jabali na mti. Hiyo ni elimu gani?

Na mawe yale meusi yana ajabu kubwa kuliko visa vya majini. Vilima vya Chyulu havina mto juu yake. Mvua, na ukungu unaonaswa na msitu wa vileleni, huzama katika majivu na mawe yenye vitundu, maji yakachujika, yakapita chini ya ardhi yasionekane, kisha yakabubujika katika chemchemi za Mzima, safi hata viboko na samaki waonekana ndani. Na kutoka Mzima maji hayo huchukuliwa kwa bomba lililojengwa katika miaka ya 1950, zaidi ya kilomita 200, mpaka Mombasa.

Fikiri basi, ewe mkaazi wa Mji wa Kale au Majengo. Huenda maji uliyotawadhia Alfajiri leo ni mvua iliyoanguka Chyulu, ikapita katika mawe hayo yaliyopewa jina la Shetani. Mwenye kuyajua haya ataachaje mfereji wa msikiti ukimwagika huku akizungumza na mwenziwe? Imepokewa katika hadithi sahihi kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kiasi cha viganja viwili vikijaa, na akioga kwa pishi. Nasi twamwaga ndoo nzima kwa udhu mmoja, na jirani katika kichochoro hicho hicho hununua maji kwa mkokoteni!

Tena, msitu wa Chyulu ukikatwa na kuchomwa, ukungu hautapata pa kunasa, na anayedhurika si Mmasai na Mkamba peke yao. Anunuaye mkaa mjini asiulize ulikotoka, naye ana fungu lake katika uharibifu huo.

Kwa hivyo, enyi wazee, msiwazuie wanao, wanaume kwa wanawake, kusoma elimu ya ardhi na mawe kwa kudhani kuwa si elimu yetu. Wapelekeni waone. Na waalimu wawaonyeshe, wakiwa huko huko, namna ya kupunguza Sala safarini na kutayamamu, ili macho na paji la uso vijifunze pamoja.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye kuona na kushukuru, wala usitujaalie tuwe wenye kukumbuka thamani ya maji siku yatakapokatika. Amin.