Bingwa wa Mkuza

Huko Japani, bingwa wa mieleka ya sumo aliyekwisha kupata daraja ya juu kabisa, yokozuna, hashushwi cheo abadan; nguvu zikimtoka hustaafu, na aghalabu huwa mlezi wa vijana. Nasi wa Kibaha tunaye jirani wa sifa hiyo, Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, ambaye mwaka 1974 huko Christchurch, akiwa na umri wa miaka 20, alitangulia tangu mlio wa bastola wala hakumngoja mtu, hata akamaliza mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia, John Walker wa New Zealand akimfukuzia nyuma. Mwaka 1976 Tanzania ikaisusia Olimpiki ya Montreal, kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi, na ile fursa adhimu ya wawili hao kukutana tena ikapotea. Nami naitakidi kwamba kuikosa kwake Bayi kwa ajili ya haki kuna heshima kubwa kuliko nishani. Medali ya fedha aliipata Moscow mwaka 1980, katika mbio za kuruka viunzi na maji. Baadaye akaanzisha shule, na hapa Mkuza, Kibaha, watoto wanasoma chini ya jina lake.